Vijiko Kwenye Nyasi

Siku ya tatu ya kufyeka, Ghislaine aliokota kijiko cha sita.

Kilikuwa sawa na vile vitano vya kwanza: kijiko cha bati cha kulia wali, shingo imeshika kutu, kimelala chali katikati ya nyasi kavu zilizomfika kiunoni. Alikifuta kwa upindo wa kitenge, akakitia kwenye ndoo. Ndani ya ndoo mlikuwa pia na kifuniko cha sufuria, ndala moja ya mtoto ya mguu wa kushoto, kitana kilichovunjika meno mawili, na daftari la shule lililofura kwa mvua mpaka likawa kama mkate. Alinyoosha mgongo, akageuka kutazama alikotoka. Mlango wa jikoni ulikuwa nyuma yake, hatua kama kumi na tano. Vitu vyote alivyookota tangu Jumatatu alivikuta kwenye mstari mmoja kutoka mlango ule. Kulia hakukuwa na kitu. Kushoto hakukuwa na kitu. Takataka za wapangaji hazijipangi hivyo.

Juu ya ukuta wa nyuma tumbili wanne walikuwa wamekaa wanamtazama, mikono magotini, kama watu waliowahi mazishini.

Walikuwa wamehamia mtaa wa Sydenham, Durban, wiki mbili tu, yeye na mumewe Fabien na binti yao Estella wa miaka saba, wakitoka Albert Park, kwenye chumba cha ghorofani walichogawana na familia mbili kwa mapazia. Nyumba hii ilikuwa ndogo na rangi yake imebambuka, lakini ilikuwa na mlango wake yenyewe na uwanja wake. Mwenye nyumba, mjane mmoja mwenye sauti ya upole aliyeitwa Bi Ameena, aliwapunguzia kodi kwa sharti moja: ifikapo tarehe mosi Septemba, siku ambayo watu wa Durban huihesabu kuwa mwanzo wa majira ya kuchipua, uwanja uwe umefyekwa, umekatwa chini, umetiwa mchanga na samadi, uwe tayari kwa mvua za kwanza. Fabien alikubali kabla mama wa watu hajamaliza kusema. Lakini Fabien alikuwa mpakiaji kwenye ghala moja kule Mobeni, anatoka alfajiri na kurudi jioni, siku sita kwa wiki. Uwanja ukamwangukia Ghislaine, ambaye kazi yake, cherehani ya kushonea sare za shule, ilikuwa hapo hapo nyumbani.

Mchana ule alimpigia simu Bi Ameena kumuuliza vitu hivi avifanye nini, na nani aliyekaa hapa kabla yao. Bi Ameena akasema walikuwa watu wazuri tu, walihama bila kuaga, kila kitu atie kwenye mifuko myeusi apeleke nje siku ya gari la taka. Halafu akauliza nyasi zimefikia wapi.

Jioni Fabien alipokuja akaitazama ndoo bila kuinama. "Takataka ni takataka, Mama Estella," akasema. "Tia ndani ya mfuko, funga."

Ghislaine akasema ndiyo. Lakini vile vijiko aliviosha, akavianika dirishani pamoja na lile daftari.

Jambo la pili lililomsumbua lilikuwa jina.

Mtaa ule ulikuwa na adabu. Hakuna aliyepita langoni bila kupunga mkono. Lakini walimwita Mama Lyse. Wa kwanza alikuwa Bi Wafeeqa, bibi kizee wa nyumba ya ng'ambo, aliyesimama upande wake wa barabara na kumwambia kwa Kiingereza kwamba amefurahi kumwona amerudi, na kwamba amenenepa kidogo, inampendeza. Ghislaine akamweleza taratibu kuwa yeye ni mgeni, ndiyo kwanza wamehamia, na jina lake ni Ghislaine. Bibi akatikisa kichwa akitabasamu, kama mtu anayemwachia mtoto uongo wake mdogo. Akamjibu sawa, Mama Lyse, akaingia ndani.

Dukani ilikuwa vilevile. Muuzaji alimwekea mikate miwili ya brauni na maziwa ya lita mbili kabla hajafungua kinywa, akisema ya kawaida. Wakati wa kumrudishia chenji akamuuliza mzee anaendeleaje, mkono umepona? Ghislaine akasema mume wake hana tatizo la mkono. Yule mtu akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, kisha akainamia droo yake akawa anapanga sarafu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Na hakuna aliyekanyaga uwanja. Mletaji wa gesi alilisukuma tungi kwa mguu mpaka likavuka mstari wa lango, mwenyewe akabaki nje. Mama muuza mifagio alinyoosha mfagio juu ya ukuta, akapokea pesa juu ya ukuta. Mpira wa watoto wa jirani uliingia Jumatano, mchana kweupe, ukakaa hapo; watoto wakausimamia langoni kidogo, wakaondoka bila kuuomba.

Siku ya Alhamisi Estella alirudi shule, akala, na katikati ya kula akasema darasani wanamwita Lyse.

Mama yake akamuuliza kama aliwaambia jina lake.

"Niliwaambia. Wanasahau." Mtoto akalamba kidole. "Nakaa kwenye kiti chake. Sasa naitika tu."

Ghislaine alimngojea Fabien mpaka akavua viatu vya kazi, akampa habari zote kwa mpigo: Bi Wafeeqa, muuza duka, mkono wa mzee, kiti cha shuleni. Alisema anaona kama mtu amemvua ngozi yake na kumvika ya mwingine.

Fabien alikuwa amechoka. Alisugua nyayo zake. "Eish, kwa hawa watu sisi wote ni mtu mmoja," akasema. "Kazini mimi naitwa John, mwaka wa tatu sasa. Kwani nilikufa?"

Ijumaa asubuhi jirani wa upande wa kushoto, Shafiek, alifika langoni akisukuma mashine ya kukatia nyasi.

Alikuwa fundi wa magari wa makamo, mzaliwa wa Durban. Bibi yake alikuwa wa watu wanaoitwa Wazanzibari wa hapa mjini, na yeye mwenyewe Kiswahili alikiokota kwa madereva wa malori kutoka Tanzania waliomletea kazi. Alisema amemwona anavyohangaika na fyekeo, mikono itaisha. Mashine aliisukuma kwa mkono mmoja mpaka magurudumu ya mbele yakaingia ndani, akaiachia, kama mtu anayemlisha mnyama kupitia kwenye vyuma.

"Kamata hii. Petroli iko," akasema. "Ukimaliza unirudishie langoni kwangu, sharp?"

Ghislaine alimshukuru sana. Baadaye tu ndipo alipojiuliza kwa nini mtu yule alizunguka barabarani na chuma kizito namna ile, wakati baina ya nyumba zao kulikuwa na kilango kwenye ukuta wa pamoja. Kitasa chake kilikuwa upande wa Shafiek.

Alikata tangu asubuhi mpaka alasiri. Upepo wa Agosti ulirusha vumbi na majani makavu, na ndege wa hadeda watatu walimfuata nyuma wakichokora udongo kwa midomo yao mirefu. Uwanja ukafunguka. Ulikuwa mkubwa kuliko alivyodhani, na ulionyesha kwamba wakati fulani ulipendwa: kingo zilikuwa zimenyooka, na pembeni kulikuwa na vitanda vya maua vilivyozungushiwa matofali. Alipofika mwisho alizima mashine, akageuka.

Mstari ulikuwa pale. Nyasi zote zilikuwa na rangi ya hudhurungi ya baridi, ila mstari ule ulikuwa mweupe, upana wa mtu mmoja. Ulitoka mlango wa jikoni, ukaelekea langoni, kisha kabla ya kufika ukakata kona kwa ghafla, ukaenda moja kwa moja kwenye kilango cha Shafiek. Mbele ya kilango hapakuwa na jani hata moja. Udongo ulikuwa umeshindiliwa mahali penye ukubwa wa mkeka, na hapo alikuta karai la plastiki lililopasuka, vijiko vingine saba, na ndala ya kulia. Akashika uma wa bustani, akaukanyaga kwa nguvu zake zote. Haukuingia. Ghislaine alijua, kama ajuavyo mtu yeyote aliyelima, kwamba nyasi hazifi kwa kukanyagwa kwa mbio mara moja. Alijua pia anachokiona.

Mashine ilikuwa imejaa nyasi chini. Aliilaza ubavu, akachokoa kwa kijiti, na chini ya ule mkate wa majani mabichi na makavu zikatokea herufi zilizochorwa kwa msumari wa moto: L. NIYONGABO.

Lilikuwa jina la kwao Burundi. Bujumbura yote imejaa akina Niyongabo. Hakuna Shafiek aliyewahi kuitwa hivyo.

Aliinua macho kuelekea kilango. Upande wa pili redio ilikuwa inasoma habari. Alipokuwa akitazama, mtu akaipunguza sauti.

Jumapili kabla ya ibada, Ghislaine alilifungua lile daftari. Lilikuwa limekauka dirishani, na kwenye jalada mwandiko wa mtoto ulisomeka: Lyse N., Grade 2. Kanisani Albert Park hakuhitaji kuuliza mara mbili. Mama mmoja wa kwaya akamwelekeza jengo lao, ghorofa la tisa, akamwonya kwamba lifti imekufa tangu Pasaka.

Immaculée, mama yake Lyse, alifungua mlango kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa. Hawakufanana sura. Lakini walikuwa na kimo kimoja, umri mmoja, na kitenge alichojifunga kichwani kilikuwa cha maua yaleyale ya buluu aliyovaa Ghislaine, maana wote wawili walikuwa wamenunua kwa mchuuzi mmoja. Ghislaine akaonyesha mfuko wa vijiko, akasema anakaa Sydenham, kwenye nyumba yenye kilango.

Chumba kilikatwa katikati na pazia. Dirishani alikaa msichana mwembamba, kichwa kimeinamia kitabu. Immaculée alivitazama vijiko, asiviguse. Alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya sokoni.

"Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi. Nilikuwa naosha vyombo pale nje ya jikoni. Nikasikia wanaimba. Nikafikiri ni harusi."

Mume wake, Léonce, alienda langoni kuongea nao. Wengine aliwajua. Alikuwa mtu wa bustani; nusu ya viwanja vya mtaa ule vilikatwa na yeye, kwa mashine yake. Kwa hiyo alikwenda bila wasiwasi, mikono mitupu, akitoa salamu. Immaculée alipoona wamemwangusha alimkamata binti yake kwa mkono mmoja.

"Mkono mwingine ulishika karai. Usiniulize kwa nini nilibeba karai. Vijiko vilikuwa vinaanguka, navisikia vinavyoanguka, na kichwani nasema: nitarudi kuviokota. Lango lilikuwa limejaa watu wanasema wageni watoke. Nikakimbilia kilango. Nikagonga. Redio ilikuwa inaimba upande ule. Nilipogonga, ikapunguzwa. Nikajua kuna mtu. Nikagonga tena."

Ghislaine akauliza walisimama pale muda gani.

"Muulize Lyse. Alikuwa anahesabu."

Msichana hakugeuka. "Mia nne na kumi na mbili," akasema.

Kisha wale watu walichoka, wakaenda zao. Vitu vya ndani vilibebwa mchana huohuo na familia haikurudi kuvitafuta. Mkono wa Léonce uliovunjwa ulifungwa vibaya, ukapona umepinda. Tangu hapo hajashuka ngazi. Immaculée alisema hivyo akielekeza kidevu kwenye pazia, na akaurudisha mfuko wa vijiko kwa mgeni wake. Havitaki tena.

Ghislaine hakukusudia kusema habari ya mashine. Ilimtoka tu: kwamba ipo, kwamba alikata nayo uwanja juzi, kwamba jina bado linasomeka.

Nyuma ya pazia kitanda kikalia. Sauti ya mwanamume, kavu kama isiyotumika, ikauliza:

"Bado inawaka?"

Immaculée akageuka kulitazama pazia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia maiti ikipiga chafya.

Fabien hakutaka mkewe amwendee Shafiek. Walizozana jikoni kwa sauti ya chini, huku Estella akiwa nje anafagia majani. Alisema wamepata nyumba. Je, anaelewa neno nyumba? Mtoto ameacha kukohoa kama kule ghorofani. Huyo Shafiek amewasaidia. Leo ukimwita mwizi, kesho atasema nini kwa wenzake? Kama wale walioimba wako mtaa huuhuu, na wanapunga mkono kila asubuhi, basi jambo la busara ni kupunga mkono pia, kumaliza nyasi na kufunga mdomo. Watu wameumia, ni kweli, na Mungu awasaidie. Lakini mashine moja hailingani na mtoto.

"Mtoto gani?" Ghislaine akauliza. "Wetu anaitika Lyse."

Fabien akaenda kunawa mikono ambayo alikuwa ameshanawa.

Jumatatu, jua likiwa utosini, Ghislaine alikanyaga ule udongo mgumu akagonga kilango. Kikafunguliwa upesi mno, kana kwamba mtu alikuwa amesimama nyuma yake. Shafiek alikuwa na kitambaa cha grisi mkononi. Hakumtazama usoni, alitazama miguu yake, mahali iliposimama.

Ghislaine akasema amesoma jina chini ya mashine.

Shafiek hakubisha. Akauliza, "Wako hai?"

"Wako hai."

Alikaa kwenye ngazi yake. Akaeleza, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kwamba mashine ilikuwa imebaki langoni peke yake, angeiacha wangeichukua. Aliiweka ili mwenyewe akija aikute. Ghislaine akamwambia mwenyewe yuko Albert Park, taxi moja tu, na miezi sita imepita. Shafiek akakubali kwa kichwa. Akasema mwanzo aliogopa kumkuta amekufa, halafu akaogopa kumkuta mzima.

"Mimi nilikuwa hapa," akasema. "Mkono ulikuwa juu ya kitasa. Nilipunguza redio nisikie wako wangapi. Nikasema wakipungua kidogo nitafungua. Walipopungua, mama alikuwa ameacha kugonga."

Alikunja kile kitambaa, akakikunjua. Akasema bibi yake alikuwa msichana pale Bluff wakati serikali ya makaburu ilipoleta malori kuwahamisha. Kila Idi, akisha kula, alisimulia siku ile. Wenye malori hakuwataja kamwe. Alitaja majirani waliosimama madirishani, mmoja mmoja, jina na jina la baba, mpaka akafa.

"Sasa kuna mtu anataja jina langu," Shafiek akasema.

"Ndiyo," Ghislaine akamjibu. "Na mashine itaenda kwake Jumamosi. Utaipeleka wewe."

Jumamosi saa mbili na nusu gari dogo la mizigo la Shafiek lilisimama langoni. Ghislaine alidhani amekuja kueleza kwamba imeshindikana, kwa sababu mashine ilikuwa bado nyuma ya gari. Kisha mlango wa abiria ukafunguliwa, akashuka mtu mrefu aliyekonda, shati limepigwa pasi, mkono wa kushoto umekunjika kiwikoni kama mtu aliyebeba mtoto asiyeonekana. Shafiek alimwambia Ghislaine kwa kunong'ona kwamba alimkabidhi mashine mlangoni kwake, ghorofa la tisa, akageuka kushuka. Yule mtu akamwambia asubiri. Akavaa viatu.

Léonce alimsalimu Ghislaine kwa Kirundi, akaomba ruhusa ya kuingia. Aliuzunguka uwanja kando kando ya ukuta, taratibu. Akasema mkato wa kwanza umefanywa vizuri, ila kabla ya kutia mchanga na samadi lazima ukatwe tena, chini zaidi, ili jua lifike kwenye shina. Akashusha magurudumu, akavuta kamba. Mashine ikawaka mvuto wa kwanza.

Mtaa mzima uliisikia. Bi Wafeeqa, aliyekuwa kibarazani na kikombe cha chai, alisimama akatazama, akaingia ndani, na mlango wake ukafungwa. Pazia lilitikisika hapa, na pale. Watoto waliokuwa wakicheza barabarani waliitwa nyumbani mmoja mmoja, kwa sauti za kawaida kabisa, mpaka barabara ikabaki tupu kwenye jua la asubuhi. Léonce alikata mistari iliyonyooka kama ya daftari, akiisukuma kwa mkono mmoja na kiwiko. Alipofika kwenye kilango hakukwepa. Aliupitisha upanga wa mashine juu ya udongo ule usio na jani, ukizunguka bure, ukilia kwa sauti nyembamba. Akarudi tena. Akarudi mara ya tatu.

Bi Ameena alifika katikati ya kazi kukagua uwanja wake. Alikaa ndani ya gari vioo vimefungwa mpaka mashine iliponyamaza. Kisha akashuka, akausifu uwanja, akasema haujapata kupendeza hivi, akamuuliza Ghislaine huyu mtu wa bustani amemtoa wapi, maana dada yake kule Overport anamtafuta mtu kama huyu. Léonce alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake. Alikuwa amekaa kwenye nyumba yake, na kumlipa kodi mkononi, miaka sita.

Akaomba namba. Léonce akamtajia, tarakimu moja baada ya nyingine. Bi Ameena aliandika kwenye simu, na kabla namba haijatimia simu yenyewe ikalileta jina. Ghislaine aliliona. Bi Ameena alifunika kioo kwa kiganja, akasema asante, dada yake atapiga.

Alipoondoka, Léonce alifuta upanga wa mashine kwa gazeti. Alimweleza Ghislaine mchanga upite kwenye chujio, samadi isiwe mbichi, maji asubuhi tu. Pale mbele ya kilango apafukue kwa sururu, asipande chochote kwa mwezi mmoja. Shafiek alikuwa anangoja ndani ya gari, mikono juu ya usukani.

Ghislaine akauliza lile ambalo hakuthubutu kumuuliza Fabien. "Tuhame?"

Léonce alitazama barabara, nyumba za rangi nzuri, malango, maua yaliyoanza kuchanua juu ya kuta.

"Mimi sijui, dada," akasema. "Mimi walinisalimia kila siku."

Mchana mlango wa Bi Wafeeqa ulifunguka. Watoto wakarudi barabarani. Muuza mifagio akapita, mletaji wa gesi akapita, na baba mmoja aliyekuwa akiosha gari lake akaacha sifongo hewani kumpungia Ghislaine mkono, akimwambia uwanja umekuwa mzuri kweli. Ghislaine alimwitikia. Aliutazama mkono wa yule baba mpaka ulipozama tena kwenye povu.

Fabien alirudi jioni jua halijazama. Alisikia kila kitu akiwa amesimama, hakuvua hata viatu. Alikwenda kwenye vile vitanda vya maua, akaanza kung'oa matofali ya pembeni na kuyabeba mawili mawili mpaka ukuta wa nyuma, ule wanaokalia tumbili, ambao upande wake wa pili kuna kichochoro kinachoteremka hadi barabara kuu. Aliyapanga safu tatu, akayakanyaga kuona kama yanacheza. Yalikuwa bado mafupi kwa mtoto. Akamwita Estella, akamwambia apande, aone kama mikono inafika juu.

"Ya nini, papa?" Estella akauliza.

Fabien akasema ni ya kuwaangalia tumbili kwa karibu. Mtoto akapanda akicheka. Mikono yake ilipungua kiasi cha tofali moja.

Ghislaine akaenda kulileta.